Barabara Ianzie Pembeni: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Barabara za Uganda

Kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi,
Waziri wa Kampala na Maeneo ya Jiji Kuu,
Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala (KCCA),
Mameya wa Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga,
na mameya na wahandisi wa Jinja, Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal.

Waheshimiwa,

Mlango wa kamunye, lile basi dogo la abiria, uko upande wa kushoto. Kondakta akiuvuta, abiria hutoa mguu kabla hajaona atakanyaga nini. Katika steji nyingi za Kampala na Wakiso mguu huo hutua kwenye lami iliyomegeka, au kwenye tope, au haupati pa kutua kabisa kwa sababu chini yake kuna mtaro ulio wazi, wenye kina cha kufika kiunoni. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na jerikeni mkononi hana mkono wa tatu wa kujishikilia. Lami aliyokuja nayo ni nzuri, ina mistari na alama. Shida yake inaanza pale lami inapoishia.

Sisi tunaoandika hatuna magari. Tunatembea, tunapanda kamunye na boda, tunaendesha baiskeli. Miongoni mwetu wamo mafundi wa baiskeli, mafundi wa ujenzi, makondakta na watu wanaotumia viti vya magurudumu. Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi, na kwenye steji za kutoka Busia hadi Arua ndiyo lugha inayowakutanisha watu wasiojuana.

Ombi letu ni moja: barabara ianzie pembeni. Leo huanzia katikati. Mhandisi huchora njia ya magari, kisha mtaro, halafu kinachobaki kati ya mtaro na ukuta wa mtu ndicho kinachoitwa njia ya waenda kwa miguu. Mambo huwa hivyo hivyo kwenye orodha ya kazi na bei: njia ya miguu, mifuniko ya mitaro na taa hukaa kurasa za mwisho, na fedha zikipungua hukatwa vya kurasa za mwisho. Barabara hufunguliwa na utepe hukatwa, na mkandarasi huondoka huku mtaro ukiwa wazi. Wengi wa wanaoitumia barabara hiyo asubuhi wanakwenda kwa miguu, au wametoka nyumbani kwa miguu kuifuata steji.

Serikali yenyewe ilishakubali jambo hili kwa maandishi. Sera ya usafiri usiotumia injini ilitolewa na Wizara mwaka 2012, na inasema waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wafikiriwe tangu hatua ya kubuni barabara. KCCA nayo ikajenga mfano wa barabara ya namna hiyo Namirembe Road na Luwum Street. Kwa hiyo hatuombi wazo jipya. Tunaomba kipimo, mpangilio wa kazi na mtu wa kuwajibika.

Tuanze na kipimo. Njia ya miguu ni ule upana unaobaki ukishaondoa nguzo ya umeme, bango la simu, ngazi ya duka na pikipiki iliyoegeshwa. Ramani inaweza kuonyesha mita 2, lakini nguzo ikisimama katikati zinabaki sentimita (senti) 80 kila upande, na kiti cha magurudumu kinahitaji angalau senti 90 kupita. Viti viwili vikikutana vinahitaji mita 1.8. Hicho ndicho kiwe kipimo cha chini kwenye barabara kuu, kikipimwa kwa futi ya fundi pale palipo pembamba kuliko pote. Njia ya miguu ni kama mnyororo wa baiskeli: pingili moja ikikatika, nyingine zote hazikufikishi popote.

Ukingo wa zege hujengwa kwa senti 15 hivi ili gari lisipande. Palipo na kivuko lazima ukingo huo ushuke kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani senti 15 za kimo zinahitaji mteremko wa mita 1.8. Mara nyingi fundi humwaga koleo mbili za zege chini ya ukingo, akapata mteremko wa nusu mita, akaita kazi imekwisha. Kiti cha magurudumu hakipandi hapo bila kusukumwa na mtu, na kikishuka humtupa mbele aliyekalia. Kosa jingine liko kwenye milango ya maegesho na vituo vya mafuta. Njia ya miguu hukatwa, mtu akashuka na kupanda tena kila baada ya hatua ishirini ili gari lipite bila kutikisika. Igeuzwe: njia ya miguu iendelee kwa kimo chake na gari ndilo lipande na kushuka. Vituo vya mafuta vipewe mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Leo kituo kikiwa na mita 40 mbele yake, mita zote 40 ni mlango, na mtembeaji hajui gari litatokea wapi.

Sasa mifuniko ya mitaro. Hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu hapa ndipo watu huvunjika miguu. Mifuniko ya chuma huibiwa na kuuzwa kama chuma chakavu, hilo linajulikana. Zege ndilo jibu, ila nalo lina masharti. Kipande kimoja chenye urefu wa senti 90, upana wa senti 50 na unene wa senti 10 kina uzito wa kilo 108 hivi. Uzito huo unatosha kumkatisha tamaa mwizi, na bado watu wawili wenye kulabu wanaweza kukiinua wakati wa kusafisha mtaro, mradi kiwe kimeachiwa matundu mawili ya kulabu. Kikiwa kikubwa zaidi hakiinuliwi tena. Mtaro hujaa mchanga na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na mvua ya Aprili ikija maji hupanda juu ya lami.

Kuna kosa dogo linalovunja mifuniko mingi kuliko malori. Nondo za mfuniko hulala karibu na uso wa chini, kwa sababu uzito unapokuwa juu, uso wa chini ndio unaovutika. Zege linavumilia kugandamizwa, halivumilii kuvutwa. Vijana wakisafisha mtaro na kurudisha mfuniko kichwa chini, nondo zinakuwa juu zisiposaidia kitu, na mfuniko hupasuka mtu wa tatu au wa nne akipita. Andikeni neno JUU kwenye zege likiwa bado bichi, herufi kubwa, kwa msumari. Haigharimu hata shilingi moja. Palipo na mlango wa gari unene uwe senti 15 na nondo ziongezwe, kwa maana lori la kuleta bia halitazunguka kwa sababu ya mfuniko.

Matofali ya saruji yanayotandikwa juu ya njia za miguu yana hadithi kama hiyo. Unene wa milimita 60 unamtosha mtu. Magari yatakapopanda, na yatapanda pasipo na vizuizi, unatakiwa wa milimita 80. Chini yake mchanga uwe wa senti 3 hadi 5, usawa mmoja. Mchanga ukizidi, fundi anakuwa ameutumia kuficha mashimo ya tabaka la chini, na baada ya msimu mmoja wa mvua mashimo hayo hujitokeza juu. Kisha huja watu wa mabomba, wa umeme na wa nyaya za intaneti. Wanafukua, wanarudisha udongo wote kwa mkupuo mmoja, wanapanga matofali juu na kuondoka. Udongo ulipaswa kurudishwa kwa tabaka za senti 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa. Toeni kibali cha kufukua kwa dhamana ya fedha, na msiirudishe dhamana hiyo mpaka msimu mmoja wa mvua upite na mtu akapime kama pamebonyea.

Kuhusu kuvuka barabara, hesabu inasema yenyewe. Barabara ya njia nne zenye mita 3.5 kila moja ina mita 14. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, hivyo anahitaji sekunde 12. Mzee au mwenye ujauzito, akienda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji karibu sekunde 18. Palipo na taa, tunaomba muda wa kijani wa watu uhesabiwe kwa mwendo wa mzee. Pasipo na taa, wekeni kisiwa katikati, upana wake usipungue mita 2 ili baiskeli na kiti cha magurudumu vitoshe, mtu avuke nusu, apumue, avuke nusu nyingine.

Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, dereva akichelewa sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, husimama ndani ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. Likiwa kwenye 50, husimama baada ya mita 28 hivi. Mweke mtoto wa shule mita 20 mbele ya magari hayo mawili. La kwanza limesimama kabla ya kumfikia. La pili linamfikia likiwa bado na kasi ya kilomita 38 hivi. Kwa hiyo mbele ya shule na masoko tunataka kivuko kilichoinuliwa, senti 8 hadi 10 kutoka kwenye lami, pande zake zikiwa na mteremko wa taratibu, na rangi ya pundamilia juu yake. Milia peke yake haimsimamishi mtu Kampala, na rangi yenyewe hufutika. Tuta la zege linamsimamisha hata asiyesoma alama. Lipitishiwe bomba la maji chini yake pembeni, maana tuta lisilo na bomba hugeuka bwawa mvua ya kwanza, na wakazi wenyewe watakuja kulibomoa.

Yale matuta madogo madogo ya mfululizo yanayotikisa meno yapunguzwe. Hayapunguzi mwendo wa gari kubwa, bali humtesa mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa na kuvunja spoku za baiskeli.

Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, tafadhali, yasiwe jibu lenu la kwanza. Ili malori yapite chini, sakafu ya daraja hukaa kama mita 6 juu ya lami. Hizo ni ngazi 40 za senti 15 kupanda, na 40 kushuka. Ukitaka mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 12, ni mita 72 kila upande, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Mtu mwenye gunia la mkaa kichwani hapandi hapo, atapita chini, nanyi mtamkamata kwa kosa mlilomjengea. Kwenye barabara za mwendo kasi kama Northern Bypass daraja lina maana. Katikati ya mji, gari lipunguze mwendo na mtu abaki chini.

Steji nazo zina jambo ambalo makondakta wanalijua vizuri kuliko michoro: kamunye ikisimama kabla ya kivuko, inamficha anayevuka. Mtu hutokea mbele ya pua ya gari, na boda inayopita kwa kulia haimwoni mpaka imemfikia. Steji iwekwe baada ya kivuko. Abiria akishuka hurudi nyuma kidogo, akavuka nyuma ya gari alilotoka, akiwa anaonekana. HiAce ya abiria 14 ina urefu wa karibu mita 5. Steji ya kamunye tatu inahitaji mita 18 za kusimama, na nafasi ya kuingilia na kutokea kila upande. Ikijengwa fupi kuliko hapo, kamunye ya pili itabaki na mkia barabarani, na foleni itaanzia hapo. Sakafu ya steji iwe ya zege. Lami hubonyea magari yanaposimama kila siku pale pale, na dizeli ikidondoka huila.

Kibanda cha steji kiwe na paa linalofika mahali watu wanaposimama kweli. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba haziji wima. Paa la mita 1.2 linamlowesha kila mtu, na watu hukimbilia kwenye baraza za maduka, kisha hurudi mbio kamunye ikitokea, na kukimbia huko ndiko kunakowagongesha. Tunaomba pia ubao wa nauli. Mvua ikinyesha au saa kumi na moja jioni ikigonga, nauli hupanda palepale mlangoni, na mwenye shilingi za kwenda na kurudi tu hubaki steji. Hebu tuhesabu mfano mmoja. Mtu anayeunganisha kamunye mbili kwa 2,000 kila moja hulipa 8,000 kwa siku, yaani 208,000 kwa siku 26 za kazi. Nauli ya jioni ikiongezeka 1,000 kwa kila gari kwa nusu ya siku hizo, amepoteza 26,000 ambazo hakuzipangia. Serikali ndiyo inayotoa vibali vya magari ya abiria. Mwaka 2020, teksi ziliporudi barabarani zikibeba nusu ya abiria, Kampala ilizipa njia na stika. Kwa hiyo inawezekana kuifunga kamunye kwenye njia yake na kuandika nauli yake ubaoni, ya kawaida na ya saa za msongamano, zote zikijulikana mapema.

Boda tunazipenda na tunaziogopa. Jina lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka wa Busia, kwa baiskeli zilizowavusha watu kutoka boda hadi boda, na vilima vya Kampala vikaipa pikipiki kazi ambayo basi haliwezi. Lakini boda zimekaa juu ya njia za miguu kwa sababu hakuna mtu aliyezipa mahali pengine. Kizuizi cha nguzo hakisaidii: tundu linalopitisha kiti cha magurudumu linapitisha na pikipiki. Dawa ni nafasi. Pikipiki iliyoegeshwa kwa kusimama inahitaji upana wa senti 80 hivi. Ondoeni maegesho ya magari mawili kando ya barabara, mita 12, mnapata steji ya boda 15. Magari mawili hayo huenda yameleta watu wawili, na yatakaa hapo mpaka jioni. Boda 15 zitabeba watu kutwa. Steji ikishachorwa kwenye lami, mwenyekiti wa steji anakuwa na mpaka wa kuusimamia, na askari anayemwondoa boda kwenye njia ya miguu anakuwa na mahali pa kumwonyesha.

Kofia ngumu zimeamriwa na kanuni za pikipiki tangu 2004, kwa dereva na abiria. Abiria huikataa kwa sababu ina jasho la mtu mwingine na mkanda wake umekatika. Kitambaa chepesi cha ndani na mkanda unaofunga ndivyo vinavyoweza kumfanya aivae. Kofia iliyowahi kugonga lami haifai tena hata kama haina ufa unaoonekana, kwa kuwa povu la ndani hubonyea mara moja tu. Shirika la Viwango likague zinazouzwa barabarani, sio zile za kwenye maduka makubwa peke yake.

Baiskeli tungeweza kuiandikia barua yake yenyewe. Jinja ina mitaa mipana iliyonyooka na ardhi isiyo na vilima vikali. Soroti, Lira, Gulu na Mbale kuna watu wengi waliozoea kubeba abiria, matoke na maziwa juu ya karia. Majiji haya bado hayajaharibika kama Kampala, na hapo senti moja leo itafanya kazi ya shilingi kumi kesho. Njia ya baiskeli iwe na mita 2 kwa upande mmoja, na itenganishwe na magari kwa ukingo wa nusu mita. Mstari wa rangi peke yake ni maegesho ya bure. Mifuniko ya maji machafu yenye nyufa ndefu igeuzwe nyufa zikate njia, zisiende sambamba nayo, kwa maana tairi jembamba huingia kwenye ufa na dereva hupaa juu ya usukani. Baiskeli zetu nyingi ni zile nzito za gia moja, spoku 32 mbele na 40 nyuma, breki za fito zinazobana rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki hizo hushika kwa shida sana. Ndiyo maana mteremko unaoishia kwenye makutano yasiyo na mahali pa kujihifadhi ni hatari kwa mwendesha baiskeli kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na mhandisi aliyejifunza kwa gari hawezi kulihisi hilo.

Baiskeli inahitaji pia mahali pa kulala mchana. Bomba la chuma lililopindwa kama mlango, kimo cha senti 75, likizamishwa kwenye zege, lifungiwe fremu na gurudumu. Kila bomba huegesha baiskeli mbili. Yawe mita moja kati ya bomba na bomba, na senti 60 kutoka ukutani ili usukani utoshe. Vile vyuma vya kushika gurudumu la mbele peke yake hupinda rimu, na mwizi hufungua nati mbili akaondoka na baiskeli, akakuachia gurudumu. Wekeni mabomba hayo mbele ya masoko, hospitali na ofisi zenu, pale askari wa mlangoni anapoona.

Kuhusu mabasi na treni tutasema machache, kwa kuwa yamesemwa sana. Mwaka 2012 mabasi ya rangi ya machungwa yalianza Kampala na hayakumaliza miaka miwili. Mgogoro wa kodi ulikuwa sababu kubwa, lakini hata bila huo yalikuwa yanakaa kwenye foleni ile ile na magari ya mtu mmoja mmoja. Basi lisilo na njia yake ni kamunye kubwa isiyoweza kuchepuka. Vitabu vya ubunifu wa mitaa vinakadiria kuwa njia ya mita 3 ikiachiwa magari binafsi hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Upana huo huo ukipewa waenda kwa miguu hupitisha hadi 9,000. Ukipewa mabasi peke yake, 4,000 hadi 8,000. Kiwanda cha magari cha Kiira kiko Jinja, na basi la umeme la jua lilionyeshwa Kampala mwaka 2016. Magari ya kutengenezea nyumbani yapo. Njia ya kupitia ndiyo haipo.

Treni ya abiria ya Kampala hadi Namanve ilianza Desemba 2015, ikasimama, ikarudi 2018, na ukarabati wa reli ukaisimamisha tena 2023. Mtu asiye na gari hupanga nyumba anayokodi kwa kufuata usafiri. Akihamia Kireka kwa sababu ya treni na treni ikasimama, kodi ya nyumba haisimami. Kwa hiyo, kabla ya kuizuia kwa matengenezo, tangazeni tarehe ya kurudi na wekeni mabasi ya muda kwenye njia hiyo hiyo, kwa nauli hiyo hiyo. Na njia za kufikia vituo ziwe na zege na taa. Watu wanatembea juu ya reli yenyewe kwa sababu reli ndiyo mahali pakavu pekee.

Usiku. Hapa kwetu kwenye ikweta jua huzama karibu saa moja kasoro mwaka mzima, na kazi za wengi huisha baada ya hapo. Taa za barabarani hufungwa zikielekea katikati ya lami, ambapo magari tayari yana taa zake. Njia ya miguu hubaki kwenye kivuli cha miti. Kwenye nguzo hiyo hiyo fungeni mkono wa pili, mfupi, kimo cha mita 4 hadi 5, ukielekea nyuma. Taa za jua zifutwe vumbi kila baada ya miezi michache wakati wa kiangazi, na betri zake ziwe na mwaka wa kubadilishwa ulioandikwa kwenye bajeti. Taa ya jua haizimiki ghafla. Hufifia, ikawaka kwa muda wa saa mbili, kisha wa saa moja, na hakuna anayeandika ripoti kwa sababu mkaguzi akipita mapema jioni anaikuta inawaka.

Basi tunaomba nini hasa, na lini? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya bajeti inayofuata, Wizara, ambayo sasa imerudishiwa kazi za Mamlaka ya Taifa ya Barabara (UNRA), itoe agizo la ukurasa mmoja lenye mpangilio huu: katika kila mkataba wa barabara ya mjini, mtaro wenye mifuniko, njia ya miguu na steji vijengwe kwanza, na malipo ya tabaka la mwisho la lami yasitolewe mpaka vipimwe. Katika kipindi cha dhamana, fedha za mkandarasi zilizozuiwa ziachiwe tu baada ya kutembea barabara yote kwa miguu, na fomu ya ukaguzi iwe na sahihi ya mtu mwenye ulemavu anayeishi kwenye kata hiyo. Wakati wa ujenzi iwepo njia ya muda ya mita 1.5, kavu, iliyozungushiwa uzio. Mkandarasi anayepanga kupisha malori anaweza kupanga kupisha watoto wa shule.

Na Namirembe Road itunzwe. Kila anayeupinga mpango huu huielekeza kidole: "Mnaona? Pikipiki zimeingia, bidhaa zimetandazwa chini, imeshindikana." Kuhamisha wachuuzi kwa nguvu, kama Januari 2022, hakutoshi. Mchuuzi hufuata miguu ya watu, na miguu itarudi kesho yake. Chorea mchuuzi mita 1 upande wa ukuta, mwachie mtembeaji mita 2 upande wa barabara, mtoze ada ndogo yenye risiti, na ada hiyo imlipe mtu wa kufagia na kulinda mpaka huo. Kinachoiua njia ile ni kukosa mwenyewe baada ya saa za kazi.

Mwisho, mwaliko. Njooni Jumatatu yoyote, saa kumi na moja na nusu jioni, Clock Tower, bila dereva na bila askari wa kufungua njia. Tutatembea kupitia katikati ya mji hadi Wandegeya, kisha tutashuka hadi Bwaise. Tutakuja na futi ya mita 5, chaki ya kuandikia na viti viwili vya magurudumu. Viti hivyo ni vyenu.

Kwa ajili ya Mungu na nchi yetu,

Sisi waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na abiria wa Kampala, Wakiso na Jinja